Je, Mkubwa Ana Hatia kwa Asiyoyaona?

Ndani ya simu tunazobeba mfukoni huku Kalunguta, kama popote duniani, kuna chembe ya madini yaitwayo tantali. Hutolewa katika mawe meusi ya koltani. Sifa yake ni hii: kipande kidogo kama punje ya mtama chaweza kushika umeme na kuuachilia kwa kipimo. Sehemu kubwa ya koltani ya dunia yatoka Kongo, na jimbo letu la Kivu ya Kaskazini lina machimbo makubwa ya Rubaya, katika nchi ya Masisi.

Mawe hayo huchimbwa kwa sururu na sepeto. Hupita mikononi mwa wachimbaji, wachukuzi, wachuuzi, wenye maghala, wenye viwanda vya kuyeyusha na mafundi wa vipande vya mashine, ndipo yafike kwa mkubwa wa kampuni inayouza simu. Mkubwa huyo hajakanyaga Rubaya. Hajamshikia mtu bunduki. Je, ana hatia kwa damu iliyomwagika penye chimbo?

Habari yenyewe si mpya. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula, kwa sababu viwanda vilitaka tantali nyingi, na majeshi yaliyokuwa yakipigana katika nchi yetu yakajitajirisha nayo. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mambo hayo wazi. Tena mwaka 2024 wapiganaji wa M23 waliiteka Rubaya. Wataalamu hao waliandika kwamba wapiganaji walitoza kodi juu ya koltani, kiasi cha dola 800,000 kila mwezi, na kwamba mawe yalivushwa hata Rwanda na kuchanganywa na ya huko.

Sasa tuangalie mafundisho. Katekisimu yatuambia kwamba mtu aweza kushiriki dhambi ya mwenzake kwa kuiamuru, kwa kuishauri, kwa kuisifu, kwa kuificha, au kwa kunyamaza anapopaswa kusema. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, mwalimu mkuu wa mambo ya maadili, alitenga ushirika wa namna mbili. Yuko autakaye uovu wenyewe pamoja na mtendaji: huyo ana hatia daima. Yuko pia asiyeutaka, lakini kazi yake yausaidia. Huyo wa pili hupimwa: Je, msaada wake u karibu na uovu, au u mbali? Je, ana sababu nzito ya kufanya kazi hiyo? Je, ametafuta njia ya kuuepa ubaya?

Mkubwa wa kampuni, mara nyingi, ni wa namna ya pili. Hataki vita, ataka tantali. Basi tusimwite mwuaji. Lakini tusimwache pia aende zake kabla hajajibu maswali.

Neno lake la kwanza huwa hili: “Sikujua.” Walimu wa Kanisa wafundisha kwamba ujinga ambao mtu hawezi kuushinda humwondolea hatia. Lakini uko ujinga mwingine, ujinga wa kutaka, wa mtu asiyeuliza kwa sababu aogopa jibu. Huo hauondoi hatia, bali waweza kuizidisha. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nasi twaweza kuongeza kwamba wengine hawaulizi kusudi wasijifunze.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa Beni wameuawa, na wengine wengi wamekimbia na kuyaacha mashamba yao ya kakao. Tuseme mtu aja kwa mnunuzi mjini Butembo na magunia kumi ya kakao kwa nusu ya bei. Hana shamba, wala hataki kusema alikoitoa. Mnunuzi apima, alipa, anyamaza. Je, mnunuzi huyo hajui? Bei yenyewe imekwisha kumwambia. Hakumfukuza mwenye shamba, lakini amemlipa aliyevuna jasho la mkimbizi.

Mkubwa wa kampuni aweza kujitetea zaidi, kwa maana njia ya koltani ni ndefu. Ni kweli, lakini mkubwa huyo ana wapimaji wanaojua ubora wa kila kipande, hata kipande kimoja kibovu katika maelfu. Kama aweza kujua kipande kibovu kimetoka kiwanda gani, aweza pia kujitahidi kujua jiwe limetoka mlima gani. Kadiri uwezo na faida vinavyokuwa vikubwa, ndivyo wajibu wa kuuliza unavyokuwa mkubwa.

Neno lake la pili huwa hili: “Basi, nitaacha kabisa kununua Kongo, nami nitakuwa safi.” Je, ni kweli? Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka kampuni zenye hisa sokoni kutangaza kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu yao yatoka Kongo au nchi jirani. Nia ilikuwa njema. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo serikali yetu ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wanunuzi wengi walikimbia. Waliolipa ni nani? Ni mchimbaji aliyekuwa akisomesha watoto kwa sururu yake, na mama aliyekuwa akimwuzia unga. Wenye bunduki hawakwenda nyumbani. Walitafuta dhahabu na magendo.

Mwezi wa Desemba 2024 serikali yetu iliishtaki kampuni ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji kwa ajili ya madini hayo. Kampuni ilikana, ikasema imekwisha kuwaamuru wauzaji wake wasinunue tena madini hayo kutoka Kongo wala Rwanda. Shauri ni la mahakimu, sisi hatulihukumu. Twauliza tu jambo la dhamiri, juu ya kampuni yoyote: Je, kuondoka kwatosha? Pilato alinawa mikono mbele ya watu wote, na Mwenye haki akasulubiwa vivyo hivyo. Tena amri ya saba haituagizi kuacha wizi tu, bali yataka malipizi. Aliyepata faida miaka mingi katika jasho la watu ana deni kwao.

Je, kuna njia ya tatu? Iko, nayo ni ngumu. Mwaka 2011 kampuni ya Motorola Solutions na ya AVX zilianza kununua koltani ya Katanga kwa njia fupi inayojulikana, toka chimbo hata kiwanda, badala ya kukimbia. Hatusemi kazi hiyo ilimaliza mabaya. Hata vibandiko vinavyotiwa kwenye magunia ili kuonyesha yalikotoka vimepata kuuzwa kwa magendo. Lakini hatua hiyo yaonyesha kwamba mkubwa akitaka, aweza kubaki na kuuliza.

Kwa hiyo mkubwa mwenye dhamiri ajiulize mambo matatu kabla ya kuamua. Kwanza: Je, nimetafuta ukweli kwa bidii ile ile ninayotafutia bei? Pili: Ni nani atakayeumia kwa uamuzi wangu, naye amesikilizwa? Tatu: Je, niko tayari kupoteza sehemu ya faida? Asiyeweza kujibu la tatu, mawili ya kwanza yatakuwa maneno ya karatasi tu.

Kanisa halikuanza leo kusema hayo. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa XIII aliwatetea wafanyakazi wa viwanda katika barua yake Rerum novarum. Mwaka 2025 Papa Leo wa XIV alieleza kwamba alichagua jina hilo hasa kwa sababu ya mageuzi mapya, ya mashine zinazoiga akili ya mtu. Naye Papa Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwakemea mbele ya dunia wale wanaoinyonya Kongo.

Lakini, ndugu, tusifurahi tukisikia wakubwa wa mbali wakikemewa, halafu tukalala. Mwenye duka la kununua kakao, mkubwa wa chama cha wakulima, mwenye lori, nao ni wakubwa kwa kipimo chao. Tajiri wa Injili hakumpiga Lazaro. Alipita mlangoni pake kila siku, asimwone. Basi kesho gunia likija kwa bei ya ajabu, tuulize limetoka shamba la nani. Na jibu lisipopatikana, tuliache gunia hilo, hata jirani akilinunua.