Gari Kuukuu na Amana ya Muuzaji

Ndugu msomaji, tuseme unakaa Mamboya, katika milima ya Wilaya ya Kilosa, na bandani mwako limo gari la Kimarekani, Chevrolet la mwaka 1957, uliloachiwa na marehemu baba yako. Rangi imechujuka kwa jua, milango imeota kutu. Amekujia mnunuzi kutoka Dar es Salaam, naye analitaka hivyo hivyo, halijapakwa rangi mpya. Watu kama huyu wapo, na huko Marekani lilikoundwa ni wengi. Hulipa zaidi kwa gari ambalo mkono wa fundi haukuligeuza. Je, kwa kuwa kutu inaonekana, umekwisha utua mzigo wako?

Wengi watajibu: ndiyo, mdanganyifu ni yule anayepaka rangi juu ya kutu. Jibu hili ni nusu ya kweli. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikarowa. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutoiweka ile mbichi juu, watu wakaiona.

Sasa litazame gari lako. Kutu ya mlango iko juu ya lundo. Lakini chesisi iliyopasuka ukaiunga, breki zinazoshika leo na kukataa kesho, injini isiyo ile iliyoandikwa katika kadi, hayo yako chini. Tena uzee wa nje waweza kuwa pazia: mnunuzi akiona hukuificha kutu, hudhani hukuficha lolote.

Utasema: "Nimemwuzia kama lilivyo." Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar alimwuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa ana ugonjwa. Sayyidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuujua. Akakataa kuapa, akampokea tena mtumwa wake. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti kama hilo humwokoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama asiyoijua, si katika vitu vingine. Basi itakuwaje kwa kasoro ya gari unayoijua?

Kwa hiyo, kabla ya kupokea fedha, mwinamishe mnunuzi chini ya gari. Mwonyeshe palipoungwa. Mweleze habari ya breki. Bei huenda ikashuka, wala sikuahidi kwamba utafidiwa kesho. Lakini kumbuka kwamba mtu huyu ataondoka kwako akiteremka milima, pengine na watoto nyuma, na uhai wao umo katika neno ulilolisema au ulilolinyamazia.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali. Amin.