Nia ya Mkono Utoao

Liko swali ambalo wanafunzi wa kidato cha tatu hupenda kuliuliza, na aghalabu huliuliza kwa furaha ya mtu aliyemnasa mwalimu wake mtegoni. Mkristo anapomsaidia maskini ili apate thawabu mbinguni, je, amemsaidia maskini au amejisaidia mwenyewe? Likiisha kuulizwa, hakosi mwanafunzi mwingine wa kusimama nyuma ya darasa na kujibu kwamba mwenye njaa hali nia, hula ugali. Sahani ya mtafuta sifa hushibisha sawasawa na sahani ya mtakatifu.

Jibu hilo lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walijazana katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika machafuko yale, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Makanisa yalileta unga, maharagwe na mablanketi. Mama aliyelala chini ya turubai na mtoto mwenye kikohozi hakuwa na nafasi ya kuuliza kama blanketi lile limetoka kwa mtu ampendaye Mungu, au kwa mtu aiogopaye Jehanamu, au kwa mtu aliyetaka tu jina lake litajwe ibadani. Usiku wa Januari katika Nakuru una baridi. Atakayesema kwamba ilimpasa mtoaji ausafishe moyo wake kwanza ndipo alete blanketi, huyo hajapata kulala nje.

Je, nia ni kitu bure basi? Sivyo. Nadhani nia haionekani katika sahani ya kwanza kwa sababu sahani ya kwanza ni nyepesi kutolewa; hata mtu mgumu huona haya kumpita mwenye njaa. Nia huonekana baadaye, katika sahani ya pili na ya tatu, na zaidi ya yote huonekana siku ile mwenye kusaidiwa anapotaka kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, wafadhili walituletea tangi la maji. Wanafunzi walisimama juani muda wa saa mbili wakiwangoja wageni, wakaimba, wakacheza, wakapigwa picha pamoja na tangi. Jina la wafadhili liliandikwa juu yake kwa rangi ya buluu, kwa herufi ambazo mtu aliyepita barabarani aliweza kuzisoma. Maji yalikuwa matamu, nasi tuliyanywa kwa shukrani. Muhula uliofuata bomba likavunjika, tukaandika barua, kisha tukaandika nyingine. Hakuna aliyekuja, maana kutengeneza bomba hakuna picha. Siwalaumu sana watu wale. Walitupa walichokusudia kutupa. Lakini kiasi cha msaada wao kilikuwa kimepimwa na nia yao, wala hakikuweza kuipita.

Na thawabu je? Hapa Mkristo hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa maandiko yake hayampi njia ya mkato. Katika mahubiri yale ya mlimani, Yesu anawaonya watoao sadaka kwa kupiga baragumu. Lakini papo hapo anaahidi kwamba Baba aonaye sirini atawapa thawabu watoao kwa siri. Thawabu haikukatazwa. Naye Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba mtu aweza kuwagawia maskini mali yake yote, na asipokuwa na upendo asifaidiwe kitu. Majirani zetu Waislamu nao hufunzwa tangu utotoni kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Mimi naona hatari ya thawabu ni hii: humfanya maskini kuwa ngazi. Mwenye kupanda mbinguni kwa ngazi hiyo ana haja nayo, ikiondoka, ataanguka. Kwa hiyo, pasipo kujua, huomba isiondoke. Humpenda maskini, naam, lakini humpenda akiwa chini.

Msamaria wa katika Injili ya Luka hakuwa hivyo. Tumezoea kumsifu kwa kusimama njiani, kuosha majeraha na kumpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake. Ni mara chache tunapotazama jambo alilofanya kesho yake: alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi, akaenda zake. Hakungoja majeruhi aamke amshukuru. Hakumwuliza kabila wala dini, wala hakumtaka amfuate kuwa mtumishi wake. Wazee wetu nao walisema tenda wema uende zako, bila ya kuisoma Injili hiyo.

Wazee hao hao walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno la hekima, na watu wengi wanaosema juu ya kuubadilisha ulimwengu hukomea hapo: usimpe mtu samaki, mfundishe kuvua. Lakini bonde letu la Ufa limetufundisha kwamba yako mambo ambayo hata jembe haliyatoshi.

Mwaka 1993 wakulima wengi walifukuzwa Enoosupukia, upande wa Narok, wakakimbilia Maela, karibu na Naivasha. Hawa hawakuwa na haja ya kufundishwa kulima. Kilichopungua kwao ni ardhi, nayo haikupotea kwa ukame au kwa uvivu. Walinyang'anywa kwa mishale na moto. Humo kambini akafika Padre John Kaiser wa shirika la Mill Hill, Mmarekani aliyekuwa Kenya tangu mwaka 1964. Maadamu aligawa chakula na kuombea wagonjwa, hakuwa adui wa mtu mwenye cheo. Desemba 1994 serikali ya wakati ule ilipokuja na malori kuwaondoa watu wale, alipinga, naye akaondolewa kwa nguvu. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila, akataja majina ya wakubwa. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, na bunduki yake pembeni. Wapelelezi wa Marekani walisema alijiua. Mwaka 2007 hakimu wa Kenya aliyechunguza kifo hicho akaamua kwamba aliuawa.

Kabla yake, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa Askofu wa Kanisa Katoliki wa Nakuru tangu mwaka 1971 hadi 1996, alikwisha kupita njia hiyo. Mapigano yalipozuka Molo na kwingineko mwaka 1992, watu walikimbilia viwanja vya makanisa, nayo makanisa yakawalisha. Angaliweza kukomea hapo na kuitwa baba wa maskini na kila mtu, hata na wale waliochoma nyumba za maskini hao. Yeye alisema waziwazi kwamba huo si ugomvi wa majirani tu, na kwamba wako wenye mamlaka waliohusika. Mwaka huo huo kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku nayo ikawataja wanasiasa.

Tazama, msomaji, jinsi swali la nia lilivyojibiwa hapa bila mtu kupekua moyo wa askofu. Mwenye kutafuta sifa angalinyamaza, kwa maana sifa zilikuwa tele katika unga na blanketi. Aliyelitaka jibu la swali "nani kawafukuza?" alitaka siku ije ambapo watu hawa hawatahitaji unga wake. Huku ndiko kuiondoa ngazi kwa mkono wako mwenyewe.

Walakini sitaki vijana wadhani kwamba mwenye kupigania haki amekwisha kuokoka na ubinafsi. Tamaa ya kuubadilisha ulimwengu nayo ina ulevi wake. Mtu aweza kuwapenda maskini wote kwa jumla na asimvumilie maskini mmoja anayegonga mlango wake wakati wa chakula. Aweza pia kuupenda ugomvi kuliko amani aliyoiombea. Kwa sababu hiyo nautaja mfano mwingine, mdogo kwa sura, nao uko Njoro.

Bruda Peter Tabichi wa Wafransisko alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kijijini Pwani, shule iliyokuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa ajili ya wenye shida. Eneo lile lilikuwa limeguswa na machafuko ya mwaka 2007 na 2008, naye akaanzisha chama cha amani ambamo watoto wa makabila mbalimbali walikaa pamoja. Machi 2019 alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni moja. Kwa hiyo sifa zilimfika, tena kubwa. Je, ziliiharibu nia yake? Hatuwezi kuuona moyo wake, na mwenye kudai kwamba auona anajidanganya. Tunachoweza kukitazama ni walichokifanya wanafunzi wake. Katika chama chao cha sayansi waliunda chombo, wakakipeleka kwenye maonyesho ya taifa ya mwaka 2018. Watoto hao, ambao wengi wao walitoka katika nyumba zenye dhiki, walikuwa wametengeneza kifaa cha kumwezesha mtu asiyeona au asiyesikia kupima vitu.