Sikuongeza Neno

Sikuongeza neno wala sikupunguza. Hilo ndilo jambo la kwanza nililosema mzee mwenyekiti aliponiita, na hadi leo naamini nilisema kweli. Hata hivyo, msichana mmoja wa rika langu alikaribia kunyimwa haki ya marehemu mama yake kwa sababu ya karatasi iliyotoka katika kompyuta yangu. Katika insha hii nauliza kama mtu anaweza kupotosha maneno ya wenzake bila kugusa hata neno moja, na kama inawezekana, lawama ni ya nani.

Kwetu ni Nyamyumba, upande wa Rubona, karibu na kiwanda cha bia cha Bralirwa. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba, na asubuhi akina mama huwapokea ufukweni na mabeseni ya kutilia sambaza. Wengi wao wamo katika vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo kwa Kinyarwanda tunaviita ibimina. Kikundi ninachokizungumzia hakifikii watu thelathini. Kila wiki wanachama hutoa michango yao, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana akiba pamoja na faida iliyotokana na mikopo. Fedha hizo si nyingi kwa mtu wa mjini. Kwa mama anayeuza sambaza ni karo ya shule, au bati za kuezekea jiko.

Kanuni za kikundi zilikuwa zimeandikwa kwa programu ya Word na mchapaji mmoja mjini Gisenyi. Nakala ya karatasi iliharibiwa na mvua, na uongozi ulikuwa umebadilika, kwa hiyo mwenyekiti aliniletea flashi wakati wa likizo. Aliniomba nibadilishe majina mawili ya viongozi, kisha nichapishe nakala mpya ili wanachama wasaini upya. Kazi ya dakika kumi.

Kompyuta yangu ni ya mitumba na ina LibreOffice, programu ya bure. Word sikuwa na fedha za kuinunua. Rafiki yangu mmoja chuoni alikuwa amejitolea kuniwekea nakala ya wizi, kama walivyo nayo wanafunzi wengi, nami nikakataa. Nakiri nilijivunia uamuzi huo, na hata sasa siujutii, ingawa nitaonyesha kuwa haukunikinga na chochote.

Faili lilifunguka. Niliona mara moja kuwa mpangilio umesogea: kurasa nilizoambiwa ni nne zilikuwa tano, na mstari wa saini ya mwenyekiti ulikuwa umebaki peke yake juu ya ukurasa wa mwisho. Kila ukurasa wa kuchapisha unalipiwa, kwa hiyo nilipunguza ukubwa wa herufi, nikafuta nafasi chache, zikarudi nne. Nikabadilisha yale majina mawili. Kisha, kwa uangalifu ambao sasa unanichekesha, niligeuza faili kuwa PDF ili kompyuta ya duka isije ikaniharibia mpangilio tena. Karatasi zilitoka safi. Watu wakasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Baada ya miezi kadhaa mama mmoja mwanachama alifariki. Binti yake alikuja mkutanoni na daftari ambamo marehemu alikuwa akiandika kila mchango. Kifungu kilichohusu kifo kilisema kwamba jamaa wa mwanachama aliyefariki watalipwa kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 9. Katibu akafungua karatasi, akasoma kifungu cha 9. Kilisema kwamba mwanachama aliyeacha kuchangia bila sababu atarudishiwa akiba yake tu, bila faida yoyote. Kulikuwa na minong'ono. Wazee wawili walisema wanakumbuka makubaliano mengine kabisa. Lakini katibu alionyesha saini zao wenyewe, na kumbukumbu ya wazee wawili ina nguvu gani mbele ya karatasi iliyosainiwa na watu wote?

Binti yule hakubishana. Alifunga daftari lake akaomba apewe siku tatu. Ni yeye aliyekuja kuniuliza kama nina lile faili la kwanza.

Nilikuwa nalo, kwa sababu nilihifadhi langu kwa jina jingine na la mchapaji likabaki kwenye flashi kama lilivyokuwa. Tulipanda pikipiki hadi mjini, tukalifungua dukani katika Word. Pale kifungu cha 9 kilihusu mwanachama anayeondoka kwa sababu isiyo hiari yake: huyo hupewa akiba yote pamoja na faida yake hadi mwezi huo. Kile cha kunyimwa faida kilikuwa cha 8.

Kilichotokea ni hiki. Juu ya kanuni kulikuwa na aya ya utangulizi, ile ya “Sisi wanachama wa kikundi hiki”, ambayo katika Word haikuwa na namba. Ilipofunguliwa kwangu ilipewa namba 1, na vifungu vyote vikasukumwa hatua moja mbele. Namba za vifungu hazikuandikwa na mtu. Mchapaji alibonyeza kitufe cha orodha, na faili likahifadhi agizo tu la kuhesabu. Kila programu inayolifungua huhesabu upya kwa namna inavyolielewa agizo hilo. Lakini ile 9 iliyokuwa ndani ya sentensi ya kifungu cha kifo iliandikwa kwa kidole cha mtu, herufi kwa herufi, nayo haikusogea. Namba zilizohesabiwa na mashine zilihama, namba iliyoandikwa na binadamu ikabaki palepale, na sasa ilikuwa ikielekeza kwenye kifungu kingine.

Naweza kujitetea kwa nia yangu. Wengi waliniambia hivyo: hukukusudia, basi huna kosa. Utetezi huu una ukweli, ndiyo maana hakuna aliyenitukana. Lakini naona unajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Hakuna aliyedai kwamba mimi ni mwovu. Binti yule alitaka kujua nani alikuwa na wajibu wa kuangalia. Mimi nilidhani kazi yangu ni ya mchukuzi. Mchukuzi hupokea mzigo uliofungwa, huufikisha ukiwa umefungwa, na yaliyomo ndani si shauri lake. Kumbe nilikuwa mkalimani.

Nieleze tofauti hiyo kwa mfano wa nyumbani. Kwa Kinyarwanda neno ejo ni jana, na ejo hiyohiyo ni kesho. Mtu akiniambia neno hilo peke yake na kunitaka nilitafsiri kwa Kiswahili, siwezi kulipeleka kama lilivyo, lazima nichague. Mkalimani mzuri humgeukia msemaji akamuuliza. Mbaya huchagua kimya kimya, na msikilizaji hajui kama kulikuwa na uchaguzi. Programu yangu ilikutana na ejo yake katika ile aya ya utangulizi: je, ihesabiwe au isihesabiwe? Ikachagua bila kuuliza. Nami nilikuwa nimeketi mbele yake, nikihangaikia mstari wa saini.

Hapo ndipo ninapoliona kosa langu, na halimo katika kutumia programu tofauti. Dalili niliziona. Kurasa nne zilipokuwa tano nilijua kwamba faili halikufika kwangu lilivyotoka. Badala ya kujiuliza ni nini kingine kimesogea, nilirekebisha kile kinachoonekana, na kwa kufanya hivyo nikafuta ushahidi wote wa safari ile. Laiti ningewapelekea kurasa tano zenye saini iliyokaa vibaya, huenda mtu angeuliza. Niliwapa karatasi nzuri, na karatasi nzuri huaminika.

Vilevile sitaki kuubeba mzigo wote peke yangu. Aina ya faili lile, docx, ilikuja na Word ya mwaka 2007. Miaka miwili kabla yake, 2005, shirika la OASIS lilikuwa limepitisha muundo wa wazi uitwao OpenDocument, na mwaka 2006 ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Microsoft nayo ikapeleka muundo wake, ukakubaliwa na ISO mwaka 2008 baada ya mabishano makali. Kwa hiyo dunia ina viwango viwili vya jambo moja, na hilo ni kama kuwa na mizani mbili sokoni. Anayetuma docx kwa kila mtu, ofisi au chuo, hutuma pia agizo lisilosemwa: nunua, iba, au kisia. Nadhani hilo ni kosa la kimaadili, dogo kwa kila faili na kubwa yanapojumlishwa, kwa sababu linamhamishia mpokeaji gharama ya kueleweka kwa mtumaji. Mara nyingi mpokeaji huyo ndiye maskini zaidi. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu yetu ya kulijali hili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, nayo LibreOffice ninayoitumia imetokana na OpenOffice hiyohiyo. Kulikuwa na watu walioona kwamba kuandika kwa kompyuta kusiwe jambo la kuombea ruhusa kwa lugha ya wengine.

Lakini hata dunia nzima ingekubaliana juu ya kiwango kimoja, programu mbili bado zinaweza kukisoma kwa namna mbili, kama watu wawili wanavyosoma sheria moja. Kwa hiyo silikubali jibu linalosema tusubiri mafundi wamalize kazi yao.

Swali lililokuwa gumu kuliko yote aliliuliza mwenyekiti. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, kwa hiyo kompyuta yako ndiyo iliyotuamulia?” Nilimwambia kwamba faili la kwanza ndilo sahihi. Akaniuliza ni nani aliyelisaini. Hakuna. Kilichosainiwa ni karatasi yangu. Je, mapatano ya kikundi ni yapi: yale yaliyomo katika karatasi ambayo kila mtu aliweka mkono wake, au yale yaliyomo katika faili ambalo hakuna aliyelisaini, au maneno waliyoyasema wenyewe siku ya kwanza, ambayo hayamo popote isipokuwa vichwani?

Plato, katika Phaedrus, anamfanya Socrates alalamike kwamba maandishi ukiyauliza swali hurudia jambo lilelile siku zote, na yakionewa hayawezi kujitetea bila baba yao. Niliposoma hayo darasani niliyaona ni malalamiko ya mtu wa zamani. Sasa naona kwamba karatasi angalau hurudia jambo lilelile. Faili hujibu kulingana na nani amelifungua, na kwa sauti ya uhakika uleule. Likionewa linahitaji baba zaidi kuliko karatasi yoyote ya Ugiriki. Katika jambo letu mababa walikuwepo hai, wazee wawili waliosema wanakumbuka, tukawanyamazisha kwa saini zao.

Mimi nilishikilia kwamba saini ni ahadi, na hakuna anayeweza kuahidi asichokijua. Kwa hiyo kilichosainiwa ni yale watu walioyafahamu walipoweka mikono yao. Katibu hakukubali, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema kwamba siku kila mtu atakapoweza kudai kuwa alifahamu vingine, hakutakuwa na kikundi. Leo ni binti wa marehemu, kesho ni mdaiwa asiyetaka kulipa. Sijapata jibu la kumridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba hapa hatukuwa na neno la mtu dhidi ya karatasi tu. Tulikuwa na faili la kwanza, tulikuwa na wazee wawili walioliunga mkono kabla hawajaliona, na tulikuwa na mimi nikikiri mbele ya mkutano mahali hasa kosa lilipoingia. Kukiri huko kulikuwa sehemu ya ushahidi. Kama ningenyamaza kulinda jina langu la mwanafunzi wa chuo, yale mawili mengine yangekuwa dhaifu.

Mkutano ulikaa Jumapili alasiri. Hawakutaka nichapishe tena. Katibu mwenyewe alichukua kalamu, akaikata namba 1 pembeni mwa utangulizi, akarekebisha namba zote kwa mkono hadi mwisho, na kila mwanachama akasaini upya kando ya masahihisho. Mama mmoja hakusaini. Alisema ameshasaini mara moja, na hasaini karatasi iliyochafuliwa. Binti yule alilipwa akiba na faida, akaziandika katika daftari la mama yake chini ya mstari wa mwisho.

Siku hizi mtu akiniletea flashi namwambia aketi. Nikifungua faili lake namsomea kwa sauti, pamoja na namba, naye ananifuata kwenye karatasi yake kama anayo. Inachukua muda. Juzi fundi mmoja wa mitumbwi aliyetaka nakala ya barua ya kurasa mbili aliondoka akinung'unika kwamba dukani mjini wanamaliza kabla hajakaa. Nilimwambia ni kweli, wanamaliza.