Shamba la Anathothi

Neno la juma: Yeremia 32:6–15

Jumatatu asubuhi mama mmoja alinifuata ofisini na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: mauziano ya kiwanja, saini mbili, dole gumba la shahidi, muhuri wa serikali ya mtaa. Jumamosi alikuwa amekwenda kushusha tofali, akakuta mafundi wanamwaga zege kwenye msingi wa mtu mwingine. Mwenye msingi naye ana karatasi. Muuzaji ni yule yule.

Muuzaji huyo ni mshirika mwenzetu. Na aliyekwenda kukiombea kiwanja kile, viatu vimelowa umande, ni mimi. Sikuuliza swali hata moja.

Nilipomuuliza mama kama alipita ofisi ya ardhi, alinijibu: “Baba Mchungaji, ningeanzaje kumkagua mtu ninayeshiriki naye meza ya Bwana?” Jibu hilo limeninyima usingizi.

Mtazameni Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, naye amefungwa katika uwanda wa walinzi. Muuzaji ni Hanameli, ndugu yake wa ukoo, na Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia anunue shamba lake la Anathothi. Kama yupo mtu ambaye angeweza kusema “sisi hatuandikishani”, ni yeye. Lakini alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akatia saini, akaita mashahidi. Hati zikawa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, akamkabidhi mwandishi wake Baruku mbele ya watu ili aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hakuona kwamba mashahidi wanapunguza imani yake, wala kwamba wanamvunjia Hanameli heshima.

Wapendwa, muhuri wa mtaa unaonyesha kwamba mliuziana. Hauonyeshi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Kama kiwanja kimepimwa, nenda kwa msajili wa hati ukafanye upekuzi. Kama hakijapimwa, kaa na majirani wa pande zote nne, dalali asiwepo. Kama ni nyumba ya familia, mwone mke wa muuzaji kwa macho yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu iuzwe bila ridhaa yake. Na ulizia hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, tuliona nyumba za watu zikivunjwa kupisha upanuzi, na wenyewe wamesimama pembeni na magodoro yao.

Mkiniita kuombea kiwanja, nitakuja. Ila kuanzia sasa nitaomba kwanza kuona hati.

Nawe ndugu uliyeuza mara mbili, najua unasoma haya. Bahasha yako ya fungu la kumi la mwezi uliopita iko mezani kwangu, sijaifungua. Njoo uichukue, ukaanze kumlipa mama.