Mjomba, Bastola na Mwizi wa Usiku



Likizo iliyopita mjomba aliniita pembeni baada ya chakula cha usiku. Ana duka la jumla, na wezi wamemvunjia mara mbili. Mara ya pili walimfunga kamba mbele ya wanawe. Akaniambia, "Frateri, nimeanza kufuatilia kibali cha bastola. Ni dhambi?"

Nikajibu fasta, kama mtu aliyepasi mtihani wa maadili: "Kujilinda siyo dhambi, mjomba." Ni kweli. Katekisimu namba 2265 inakwenda mbali zaidi: kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine, kujilinda kunaweza kuwa wajibu mzito.

Akaniuliza tena: "Nikienda mazoezini, nitalenga wapi?" Hapo nikakwama.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tendo moja linaweza kuzaa matokeo mawili. Nakusudia kuokoa uhai wangu. Mshambuliaji akifa, kifo chake kiko nje ya kusudi langu. Ila nguvu isizidi hatari iliyopo. Darasani inaeleweka vizuri tu. Lakini mtu aliyelenga picha ya kifua mara elfu moja, kusudi lake liko nje kweli? Saa nane za usiku hakuna nafasi ya kutafakari. Mkono utafanya ulichozoea. Aristotle alishasema tabia hujengwa kwa kurudia matendo, kwa hiyo naona kusudi la usiku ule linaumbwa mchana, kwenye uwanja wa shabaha. Basi mjomba afanye mazoezi ya kutofyatua pia: kuwasha taa, kupaza sauti, kuwaficha watoto chumba kimoja, kuhakikisha huyo kwenye korido siyo binamu yangu aliyeruka ukuta akitoka disko. (Anaruka, namjua.)

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinatofautisha: mwizi akikamatwa akivunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, anayo. Mimi naielewa hivi: gizani hujui amefuata televisheni au roho yako. Mchana unamwona.

Na sisi tusio na bastola tusijione watakatifu. Ukisikia "Mwizi! Mwizi!" mtaani, unatoka na nini mkononi? Yule kijana ameshaanguka, ameshafungwa mikono, hawezi kumdhuru yeyote, halafu mtu anasogeza tairi. Pale hakuna kujilinda. Jua limechomoza kabisa.

Mjomba ameanza na milango ya chuma na taa za uani. Fomu ya kibali bado iko kabatini. Kabla sijarudi seminari aliniomba nimwombee. Nikamwambia nawaombea na wale wezi pia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao anza nao wewe, Frateri. Mimi nitafuata."