Hukumu kwa Dhana katika Sataranji

Maulamaa waliopata kuijadili sataranji, tangu mchezo huo ulipotoka Bara Hindi ukapitia Uajemi na kufika katika miji ya Waarabu, walishughulishwa hasa na mambo matatu: kwamba wachezaji wasiwekeane mali ya kamari, kwamba mchezo usiwapitishie nyakati za sala, na kwamba ndimi zao zisichafuke kwa matusi katika joto la kushindana. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na wengi katika Waislamu wa pwani yetu, aliuhesabu mchezo huu kuwa makuruhu, si haramu, maadamu masharti hayo yamechungwa; na imepokewa kutoka kwake kwamba Said bin Jubair, mmoja katika mataabiina wakubwa, alikuwa akiicheza hali ameipa mgongo, kete zikisogezwa na mwingine kwa amri yake. Hakuna hata mmoja katika mabwana hao aliyehitaji kuuliza kama fikra iliyomtoka mchezaji ni yake mwenyewe, kwa kuwa duniani haikuwako akili nyingine ya kuazima ambayo ingeweza kumnong'oneza isisikike.

Leo akili hiyo imo mfukoni mwa kila kijana. Mwezi wa Mei 1997, mjini New York, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5, naye kwa uchungu wake akashuku kuwa yuko mtu aliyeisaidia mashine kwa siri. Sasa programu kama Stockfish, ipatikanayo bure, hukaa katika simu ya kawaida na kumshinda binadamu yeyote aliye hai, na shaka ya Kasparov imekuwa kama kichekesho.

Bao letu huchezwa barazani, na kila mkono unaochota kete una macho ya watu yanayouhesabu. Bali achezaye sataranji kwa mtandao yu peke yake chumbani, na mpinzani wake, ambaye huenda yuko Manila au Buenos Aires, haoni ila jina na kete zinazosogea. Aweza kuitazama simu kila mara. Au, akiwa mjuzi wa mchezo, akaitazama mara moja tu, katika ile saa ambayo mambo yamesimama njia panda. Huyu wa pili ndiye mwizi mgumu, kwa sababu hatua thelathini na tisa ni zake, na ya arubaini peke yake ndiyo ya wizi.

Imepokewa kwamba Mtume alipita sokoni Madina akautia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu, na muuzaji hakuwa na la kukana ila kusingizia mvua. Hiyo ndiyo yakini, na wachezaji wanaokutana uso kwa uso wakati mwingine huipata: mwaka 2015, huko Dubai, Gaioz Nigalidze wa Georgia alikutwa na simu iliyofichwa chooni, baada ya mpinzani wake, Tigran Petrosian wa Armenia (siye yule bingwa wa dunia wa zamani), kulalamika kwamba mwenziwe hainuki mezani ila kwenda huko. Miaka mitano baadaye Petrosian huyo huyo alifungiwa na tovuti ya Chess.com kwa kudaiwa kutumia msaada katika mashindano ya timu ya mtandaoni, akakana kwa ukali. Na safari hii hapakuwa na simu iliyokamatwa, wala rundo la kutiwa mkono.

Maana wenye tovuti hawana shahidi aliyeona. Walicho nacho ni hesabu. Huzilinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo programu ingezichagua, hupima kama makosa yake yanalingana na daraja yake, na hutazama muda anaoutumia, kwa kuwa binadamu hulipiza papo hapo kete iliyoliwa na hutaabika mbele ya jambo zito, ilhali mwenye kungojea jibu la mashine aghalabu hutumia sekunde zile zile kwa jepesi na kwa zito. Profesa Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, ameijenga elimu hii kwa miaka mingi, hata Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, likawa linamtegemea. Walakini hesabu hiyo, iwe nzuri namna gani, haisemi kwamba fulani ameiba; yasema kwamba ni nadra mno mtu asiyeiba kucheza hivi, na nadra si muhali. Jambo ambalo humtokea mchezaji mwaminifu mmoja katika 10,000 litawatokea 100 katika waaminifu milioni moja, na kila mmoja wao ataonekana mwizi mbele ya mwenye kumtazama peke yake.

Hapa suala la kompyuta limekuwa suala la kadhi. Mafakihi wametufundisha kwamba shaka haina nguvu ya kuiondoa yakini, na kwamba asili ya mtu ni kuwa dhima yake i safi. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyefariki 1350, aliwalaumu makadhi waliozifumbia macho dalili za hali kwa kushikilia mashahidi tu, haki za watu zikapotea. Naona pande zote mbili zimesema kweli, na mgongano wao hupungua sana tunapouliza hukumu inamnyang'anya mtu kitu gani. Mwenye nyumba aweza kumzuia mgeni mlangoni kwa dhana iliyo kubwa: akaunti ikafungwa, alama zikarudishiwa walioshindwa, na aliyezuiwa akaachiwa njia ya kukata rufaa. Kumtaja kwa jina mbele ya walimwengu kuwa ni mwizi ni jambo jingine, kwa kuwa huko ni kuigusa heshima yake, na heshima sheria imeilinda hata Surat an-Nur ikaweka viboko 80 kwa mwenye kumsingizia uzinzi mwanamke mwenye kujihifadhi pasipo kuleta mashahidi wanne. Kwa la kwanza dhana yatosha. Kwa la pili haitoshi, ijapopimwa kwa hesabu gani. Nakiri kwamba kwa mtu ambaye mtandao ndio riziki yake hata kufungiwa mlango ni adhabu nzito, na kwamba wezi wengine watapona kwa kutotajwa. Gharama hiyo naikubali.

Waamuzi wa Kenya, nadhani, waliijua tofauti hii pasipo kuiandika. Mwezi wa Aprili 2023, katika mashindano ya wazi ya Kenya mjini Nairobi, mtu mmoja alijiandikisha upande wa wanawake, amevaa buibui na nikabu na miwani, hasemi neno, akawa anawashinda wanawake wenye sifa. Viatu vyake viliwatia shaka. Hata hivyo walisita, wasije wakamvunjia staha mwanamke wa Kiislamu kwa ajili ya vazi lake. Mwishowe wakamwita faraghani wakamtaka kitambulisho, na akadhihirika kuwa kijana wa kiume, mwanafunzi, ambaye alikiri na kutaja shida ya fedha. Wako waliowacheka kwa kuchelewa. Mimi siwacheki, kwani lau angekuwa mwanamke kweli, angaliondoka pale hakuna ajuaye kuwa ameshukiwa.

Linganisha na Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia tangu 2000 hadi 2007, ambaye amezianika takwimu zake mbele ya watu kabla ya baraza lolote kuzipima. Hikaru Nakamura alipopata alama 45.5 katika michezo 46 mfululizo mwaka 2023, Kramnik aliona ajabu, ingawa mwenye kucheza maelfu kwa maelfu ya michezo, na mingi dhidi ya walio chini yake, hana budi kufikiwa na mfululizo wa namna hiyo. Kisha akamgeukia Daniel Naroditsky wa Marekani, mwalimu kijana aliyependwa, naye akakana, akaeleza hadharani jinsi tuhuma zilivyomwelemea, na Oktoba 2025 akafariki, umri wake miaka 29.

Kuna pia suala la upelelezi, nalo nitalipita kwa ufupi. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar aliruka ukuta akamfumania mtu katika maasi, naye yule mtu akamjibu kuwa yeye ameasi mara moja na Khalifa mara tatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakubisha hodi kwa salamu. Kamera ambazo washindani wa zawadi kubwa huamriwa kuziweka chumbani haziruki ukuta, kwa kuwa mchezaji amezikubali kabla. Ila sioni sababu ya kumwekea kamera mtoto achezaye kwa kujifurahisha.

Lililo gumu zaidi ni toba. Hans Niemann, alipomshinda Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, mjini St. Louis mwezi wa Septemba 2022, alikiri kwamba aliwahi kuiba mtandaoni akiwa na miaka 12, na tena akiwa na miaka 16. Na toba ya haki ya mja haitimii mpaka mja arudishiwe haki yake au atakwe radhi, lakini utamtaka radhi vipi mtu usiyejua ila jina lake la kubuni? Chess.com ilitoa ripoti ya kurasa 72 ikidai kuwa michezo ya shaka ni zaidi ya 100, na kwamba haikuona ushahidi wa wizi wa ana kwa ana. Carlsen yeye alijitoa katika mashindano siku ya pili, akaweka kipande cha video ambamo José Mourinho, mwalimu wa kandanda, asema kwamba akizungumza atajitia matatani. Hakutaja jina la mtu, na dunia nzima ikamjua mkusudiwa. Tume ya maadili ya FIDE, Desemba 2023, ilimtoza faini ya euro 10,000 kwa kujitoa pasipo sababu ya haki, ikamwachilia katika shtaka la kutuhumu ovyo. Ghazali, katika Ihya, ameihesabu ishara ya mkono na ukonyezo wa jicho kuwa ghiba sawa na tamko, na kwa mizani hiyo nadhani video ile ingelikuwa nzito kuliko kujitoa kwenyewe.