Picha ni Amana

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyoisindikiza picha tangu kuzaliwa kwake hadi kuonekana. Picha hupigwa, katika zama za filamu ilipelekwa studio ikasafishwa, kisha ikatiwa fremu na kutundikwa. Vyote vitatu ni vitendo vya mwenye kamera. Mwenye uso hana kitenzi chake ila kile cha kutendwa: amepigwa picha. Lugha haina hatia katika jambo hili, maana hata pasi na simu hupigwa. Hata hivyo, inafaa kuuliza iwapo maadili ya sanaa hii nayo yamekomea pale ilipokomea sarufi.

Swali hilo huwa zito zaidi siku ya maonyesho ya wahitimu. Siku hiyo mwanafunzi, baada ya miaka ya kujifunza mwanga na kivuli, huitundika kazi yake ukutani mbele ya walimu, wanunuzi na wageni. Ndiyo desturi katika vyuo vya sanaa hii, kikiwamo kile cha Market Photo Workshop cha Johannesburg, kilichoanzishwa na David Goldblatt mwaka 1989. Walimu hupima mwanga, mpangilio na ujasiri wa jicho. Wanunuzi hupima bei. Mtahini mmoja tu ndiye asiyealikwa, naye ni yule ambaye uso wake umetundikwa.

Mathalan, achukuliwe kijana mzaliwa wa Tukuyu anayesomea upigaji picha Dar es Salaam. Wakati wa likizo anarudi kwao Rungwe. Asubihi moja, mvua ikiwa imekatika na mlima ungali umejifunika mawingu, anakutana na bibi mmoja kando ya shamba la chai la Katumba, amejitwika mkungu wa ndizi. Anamwamkia kwa Kinyakyusa, kwa adabu aliyofundishwa nyumbani. Bibi anasimama, anacheka, anasema apigwe tu, mjukuu. Miezi michache baadaye uso wa bibi yule, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake, uko kwenye ukuta mweupe mjini, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwake. Watu wanaisifu mikunjo ya shingo yake. Mtu mmoja anauliza bei. Je, kijana huyu ana deni gani kwa bibi?

Sheria ina majibu yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inailinda picha kama kazi ya aliyeitunga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, nayo inamkumbusha kila mtu kwamba habari za mwenziwe si za kuchezea. Bibi alisema ndiyo, na shahidi ni kicheko chake. Lakini ndiyo ile ilikuwa jibu la swali gani? Aliombwa na mjukuu wa kijijini, akamjibu mjukuu wa kijijini. Hakuna aliyemuuliza kama yu radhi kutazamwa na wageni wenye bilauri mkononi, wala kama angependa mkungu ule uwe ishara ya ufukara au ya uvumilivu, kwa kadiri ya maandishi yatakayobandikwa chini ya picha. Ridhaa ya kupigwa picha na ridhaa ya kuonyeshwa ni ridhaa mbili.

Rungwe ina sababu ya kulijua jambo hili kuliko wilaya nyingi. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika huko mwaka 1891, na haukupita muda mrefu kamera zikafuata. Picha walizozipiga zilikwenda Ujerumani, na nyingi zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za Kanisa hilo mjini Herrnhut. Mwaka 1906 daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alichapisha kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma pamoja na juzuu la picha. Siku hizi sehemu ya hazina ya Herrnhut inaweza kutazamwa kwa intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Mzaliwa wa Rungwe akizifungua picha hizo huona migomba anayoijua, nyumba za mianzi na nyuso zinazofanana na za shangazi zake. Kisha husoma maelezo: mwanamume wa Kinyakyusa, mwanamke na mtoto, au Konde, jina ambalo Wajerumani waliwaita watu wa huko. Mara nyingi mmisionari ana jina, na aliyesimama kando yake hana.

Hapo anatokea mpinzani, na hoja yake si nyepesi. Laiti wapiga picha wale wangengoja ridhaa kamili, anasema, Rungwe leo isingekuwa na sura za mababu zake. Kosa la jana limekuwa urithi wa leo. Basi na kijana aachwe apige na atundike, wajukuu watamshukuru.

Kuna ukweli ndani ya hoja hiyo, lakini si ule anaoudhani mpinzani. Kinachowafurahisha wajukuu ni kuzipata picha zile, si namna zilivyochukuliwa. Zilipokuwa zimelala kabatini Herrnhut hazikuwa urithi wa mtu yeyote wa Rungwe. Zilianza kuwa urithi siku zilipoanza kurudi. Tena zimerudi nusu, kwa kuwa majina hayakurudi nazo, na wengi waliokuwa wakiyajua wamekwisha kuzikwa. Kupotea huko hakukulazimishwa na sanaa wala na teknolojia. Kuuliza jina na kuliandika kungechukua dakika moja.

Kwamba jina linaweza kurejeshwa, hata baada ya miaka mingi, mfano upo huko huko. Monica na Godfrey Wilson waliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica juu ya vijiji vya marika, kilichotoka mwaka 1951, kilisomwa dunia nzima. Baadaye wanahistoria walirudi kuwatafuta waliowafanyia kazi ya ukarani na ukalimani, na jina la Leonard Mwaisumo likapata mahali pake katika simulizi ya utafiti ule. Elimu haikupungua kwa kumtaja. Ilionekana wazi zaidi ilikotoka.

Visiwani na mwambao picha ilikuwa na maisha mengine. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Aliyeingia katika studio ya namna ile alikuwa mteja. Alivaa alivyotaka, akasimama au kuketi alivyopenda, akalipa, akaondoka na sura yake kwenye bahasha. Mpiga picha alikuwa fundi, kama fundi cherehani: ustadi ni wake, nguo ni ya mwenyewe. Haina maana kwamba mhitimu wa leo arudi nyuma ya pazia la studio. Ila desturi ile inashuhudia kwamba heshima ya mwenye uso si mzigo mpya ulioletwa kutoka mbali ili kuwasumbua wasanii. Ilikwisha kujulikana hapa.

Wapenzi wa ushairi wana njia yao ya kulielewa tatizo hili. Mshairi akitaka kusema habari za jirani yake ana fumbo: atamwita ndege, chombo, au ua la bustani, na jirani abaki na stara yake hata kama mtaa mzima unashuku. Kamera haina fumbo. Haiwezi kusema mwanamke pasipo kumsema mwanamke huyu, mwenye kovu hili juu ya jicho la kushoto. Uwezo wake wote umo katika kumtaja mtu bila kificho, na dhima yake huanzia hapo hapo.

Neno linalofaa, basi, ni amana. Anayepokea amana anaweza kuitunza, hata kuifanyia kazi njema kwa idhini, lakini haisahau kuwa ni ya mwingine, na siku yake huirudisha. Picha ikiwa amana, kijana wa Tukuyu ana wajibu usiohitaji mwanasheria. Amuulize bibi jina lake, na amuulize kama anataka liandikwe. Ampelekee picha kabla ya kuipeleka ukutani, amweleze itakakotundikwa na yatakayoandikwa chini yake. Na akikataa, asiitundike.

Hapa ndipo panapouma. Huenda picha hiyo ndiyo bora kuliko zote alizonazo. Huenda bila hiyo alama zishuke na mnunuzi asije. Bibi anaweza kukataa kwa sababu ambayo msanii anaiona ndogo: siku ile alivaa khanga iliyochakaa. Lakini aliyechakaa mbele ya umma ni yeye, si msanii, na ni yeye anayejua uzito wa jambo hilo. Msanii anaruhusiwa kumbembeleza, kumwonyesha uzuri anaouona yeye, hata kurudi siku nyingine bibi akiwa amevaa atakavyo. Akishindwa, atakuwa amepoteza picha moja. Jicho lake bado analo.

Wajibu huu hauwakingi wote sawasawa. Mkubwa anayepokea rushwa hana haki ya kudai stara ile ile, kwa kuwa cheo chake nacho ni amana ya watu, na kamera inayomfichua inawarudishia wenyewe kilicho chao. Kadiri mtu alivyo na nguvu juu ya wengine ndivyo dai lake la kufichwa linavyopungua. Bibi wa Katumba hana nguvu juu ya mtu yeyote katika chumba kile cha maonyesho.

Inasemekana sanaa itakauka ikifungwa hivi, kwamba kila mtu atataka kusimama kakamavu na nguo za sikukuu. Huenda. Lakini hata ukakamavu ule ni habari: ndivyo mtu anavyotaka kukumbukwa, na msanii hodari ataweza kuuonyesha. Mhitimu aliyekwenda Katumba na nakala ndogo mkononi, akakaa barazani, akasikiliza bibi akimcheka kwa kumpiga picha amefumba jicho moja, amefanya mtihani ambao chuo hakikuuandaa. Nakala ile ataiacha kwa bibi, iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, maana mvua za Tukuyu huoza karatasi, na ihifadhiwe sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za chai. Ile kubwa ya ukutani yaweza kuuzwa baadaye.